Siku Mbili katika Msitu wa Bweyeye

Ndugu msomaji, atakaye kuwaona ndege hana budi kuamka kabla yao. Hivyo ndivyo alivyotuasa mwongozaji wetu Jumamosi alfajiri, tulipoondoka Pindura na kuteremka kuelekea Bweyeye, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Barabara hiyo hupita ndani ya msitu wa Nyungwe. Ukivuka mpaka unaingia Burundi, ambako msitu huo huendelea kwa jina la Kibira.

Nyungwe ulitengwa kuwa msitu wa akiba mwaka 1933, ukafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ukubwa wake wapita kilometa 1,000 za mraba, na aina za ndege wake zapita 300.

Mpiga picha mgeni hudhani adui yake ni mvua. Kumbe ni giza. Chini ya miti ile mikubwa mwanga ni haba na ukungu hauishi, hata picha zangu za asubuhi zote zilitoka na ukungu wake. Saa nne jua lilipochomoza ndipo tulipomwona shorobo wa milimani. Alipotua alikuwa wa kijani na buluu; aliporuka, mbawa zake ziliwaka wekundu. Wekundu huo watokana na rangi yenye madini ya shaba ndani ya manyoya. Nilipata picha moja tu, nayo ya mkia.

Jumapili tulikuta kiota cha chozi kimening'inia kando ya njia, makinda wakilia ndani. Jani moja lilikiziba. Nikanyosha mkono nilikate.

"Liache, mzee," mwongozaji akasema kwa upole. "Jani hilo ndilo mlango wao. Ukiliondoa, jua na mwewe wataingia."

Nikaona haya. Nikauliza kama kweli jani moja laweza kudhuru msitu mkubwa namna ile. Akanijibu kwa habari ya tembo. Hapo zamani Nyungwe ulikuwa na tembo na nyati. Nyati walimalizwa na wawindaji katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999. Hakuna aliyekusudia kuwamaliza wote, alisema. Kila mmoja alichukua wake mmoja tu.

Tukarudi nyuma hatua ishirini, tukakaa kimya. Mama chozi akaja na mdudu mdomoni, akapenya nyuma ya jani, akatoka, akaja tena. Sikubonyeza kamera.

Basi, msomaji, ukijaliwa kufika Bweyeye, chukua darubini, koti la mvua na subira. Picha ya kiota kile sinayo, lakini niliondoka nikiwaacha makinda wangali wakilia nyuma ya jani lao.