Daftari la Michoro

Andalio la somo humweleza mkaguzi atakachotenda mwalimu. Daftari la michoro humfunulia mwalimu mwenyewe iwapo anakiweza. Nachingwea na Ruangwa, nilikofundisha uchoraji, mkorosho ulinitosha. Usiku niliuchora hatua kwa hatua: kwanza kupinda kwa tawi, kisha bibo, mwisho korosho inayoning'inia chini yake. Pale mkono wangu ulipokwama niliandika pembeni: hapa watoto wapewe muda.

Karatasi zilikuwa haba; aliyekosa alichora mchangani kwa kijiti. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, naye alitumia rangi za baiskeli. Uhaba, basi, hauzuii sanaa. Lakini mchoro wa mchangani hufutwa na upepo, na kesho mtoto hana pa kuupima mkono wake. Daftari ninalolihitaji mimi, yeye analihitaji zaidi.