Safari ya Amani na Shimo la Wapasua Mbao



Mwezi uliopita mwanangu alinijia na barua ya mwalimu wake. Wanafunzi wangekwenda milima ya Usambara, waondoke Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, nasi wazazi tulitakiwa kutoa ruhusa na nauli. Mama yake akauliza, "Msituni kuna nini asichokiona katika miti ya hapa nyumbani?" Mimi nalitia sahihi upesi, kisha nikaona ni wajibu wangu kumweleza mke wangu sababu. Hayo niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa maana yanawahusu wazazi wengi, na walimu zaidi.

Mwaka 1999 nalikuwa mwanafunzi wa miaka 19, na nyumba yetu ilikuwa kando ya mji wa Tanga. Mwalimu wetu mmoja alituchukua vijana 12 kwenda Amani, katika Usambara ya Mashariki. Tulifika Muheza, penye joto na michungwa, tukapanda gari jingine la mlimani. Barabara ikaanza kupinda huku na huku, na kila kona hewa ilizidi kupoa. Hata tulipofika juu, yapata mita 900 kutoka usawa wa bahari, sisi tuliovaa mashati mepesi tulikuwa tukitetemeka. Tukalala kwa mzee mmoja Msambaa, aliyezoea kuwaongoza wageni msituni.

Alfajiri nalisikia matone yakianguka, ta, ta, ta, nikahuzunika. Nikamwambia mzee, "Shikamoo, babu. Naona mvua imetuharibia safari."

Akacheka. "Marahaba, mjukuu wangu. Toka nje kwanza, ndipo useme."

Nikatoka. Uwanjani palikuwa na umande tu, wala hapakunyesha. Lakini hatua chache mbele, ukungu ulipokuwa umeifunika miti, matone yalianguka kana kwamba ni masika. Mzee akasema, "Hii si mvua ya mbinguni. Miti inakama mawingu, kama wewe ukamavyo ng'ombe."

Baadaye mwalimu alitueleza jambo lenyewe. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, na ukifika mlimani hauna njia ila kupanda juu. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa wingu. Wingu lile hupita katikati ya miti, nalo lina vitone vidogo mno visivyoweza kuanguka vyenyewe. Majani, kangaga na kuvumwani zilizoshika magogo huvinasa vitone hivyo, vikakusanyika, vikadondoka. Ardhi ya msitu, iliyo laini kwa majani yaliyooza, huyanywa maji yale na kuyatoa polepole, hata wakati wa kiangazi. Ukiuondoa msitu, wingu litapita juu ya mlima, lakini hapatakuwa na wa kulikama.

Kisha mwalimu akauliza, "Nani kati yenu amekunywa maji ya mlima huu?" Sote tukanyamaza, kwa kuwa ilikuwa safari yetu ya kwanza. Akasema, "Ninyi nyote wa Tanga. Mto Zigi hutoka huku, hushuka hata bwawa la Mabayani, na kutoka huko maji huja katika mabomba yenu." Nalikuwa nimeteka maji katika bomba letu tangu utoto, wala sikupata kuuliza yatokako.

Tukaingia msituni kwa mstari mmoja. Mzee alituonyesha vinyonga, na juu yetu hondohondo walipita wakipiga kelele. Kwenye jiwe lenye maji alituonyesha ua dogo la rangi ya zambarau. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, aliliona ua la jamii hii katika nchi ya Tanga mwaka 1892, akalipeleka kwao, na leo watu wa Ulaya na Marekani hulipanda katika vyungu madirishani. Nalinyosha mkono niling'oe nimpelekee mama. Mzee akanishika. "Hapa linaishi kwa tone la mti ule. Je, huko kwenu utalipa tone gani?"

Mbele kidogo tukakuta shimo refu, limejaa majani, na kando yake kisiki kipana kuliko meza ya kulia. Mzee akasema, "Hapa palipasuliwa mbao. Mtu mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni, na msumeno kati yao. Sasa imekatazwa, tangu mwaka 1997 mahali hapa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia."

Moyo wangu ulishtuka. Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Katika miaka ya 1980 alikuwa akiondoka nyumbani majuma matatu, akirudi na vumbi la mbao katika nywele, na pesa za karo yangu zimefungwa katika leso. Sikusema neno mbele ya wenzangu.

Jumapili jioni nalimwambia baba yote niliyoyaona. Nalisema kwa ukali, kama vijana wanavyosema wakiisha kujifunza jambo moja. Baba alinisikiliza hata mwisho, akauliza, "Basi ulitaka nisikusomeshe?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu kamili.

Walakini hakuishia hapo. Mwaka uliofuata aliniomba nimpeleke. Mzee yule alimpokea kama ndugu, wala hakumlaumu. Baba alisimama kwenye shimo lile muda mrefu. Ndani yake ilikuwa imeota miti michanga, mmoja umempita kimo, na majani yake yalikuwa yakidondosha maji. Baba akakinga kiganja, akanywa. Akasema, "Nalidhani tajiri wa mbao ndiye aliyenilipa. Kumbe mlima ulinilipa mara mbili, nami sikuurudishia hata mara moja." Tangu siku ile, mtu akifungua bomba nyumbani na kuliacha likitiririka, baba ndiye aliyeinuka kulifunga.

Ndiyo sababu nalitia sahihi upesi, ndugu zangu. Mtoto aliyefundishwa darasani kwamba msitu huleta maji atalijibu swali la mtihani. Lakini aliyesimama chini ya mti unaodondosha maji hali hapanyeshi, huyo hatalisahau. Nanyi walimu, mkiwapeleka, msianze kwa kusema. Waacheni kwanza wasikie matone. Kisha waulizeni maji ya nyumbani kwao yatoka wapi, na ada yao imetoka wapi. Na wakirudi na maneno makali, tuwavumilie, kama baba alivyonivumilia mimi.

Ni mimi ndugu yenu, Katekista.