Bei na Thamani

Nikiwa mgeni mjini Birmingham, Uingereza, nilifuatana na mwenyeji wangu, mzee mwenye kibali, kwenda kuuza bunduki ya shabaha aliyorithi kwa babaye. Paa la nyumba lilivuja, alihitaji fedha. Alama ya bunduki tatu zilizoegemezana ilitambulisha kampuni ya BSA, iliyoasisiwa mjini humo mwaka 1861. Wenzo wa chini ulidhihirisha mtambo wa Martini. Muuzaji silaha akachungulia kasiba: kutu ilikuwa imekula mifuo ya ndani. Kifaa asilia cha kulengea nacho kilikuwa kimepotea. Bei ikaporomoka.

Mzee aliipangusa kwa leso, akarudi nayo nyumbani. Ndipo nilipong'amua, wapenzi wasomaji: bei hutajwa sokoni, thamani hukaa moyoni.