Ventilateri ya kompyuta inayolisha watu saba

Bunia, Ituri. Wiki moja kabla ya mitihani ya shule, kompyuta ya sekretariati moja ndogo, si mbali na kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, ilianza kuzimika yenyewe. Siku ya kwanza ilizimika baada ya saa nzima, kesho yake baada ya dakika ishirini, na mwishowe hata ukurasa mmoja haukumalizika. Mwenyewe, kijana aliyekimbia vita katika teritwari ya Djugu pamoja na mke, watoto na mama yake, alifikiri ni umeme. Hapa mjini chombo kikizimika, umeme ndio hulaumiwa kwanza. Akabadili waya, akaazima batri ya sola ya jirani, akalipia jenereta nusu siku. Ikazimika tu.

Kompyuta hiyo haikununuliwa nzima dukani. Aliiunga mwenyewe kidogo kidogo. Sanduku lilitoka katika ofisi iliyofungwa. Bodi mama na prosesa, Intel Core i5-2400, aina iliyotoka mwaka 2011, alivinunua kwa mfanyabiashara anayeleta vyombo vya mtumba kutoka Kampala. Skrini ina mstari mweusi pembeni, lakini inasomeka. Kwa kompyuta hiyo watu saba wanakula. Inachapa barua za kuomba kazi, orodha za wakaaji wa kambi na maswali ya mitihani ya shule mbili.

Kuna kazi nyingine ambayo haijaandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Ndani ya diski yake kuna nakala za kadi za mpiga kura na vyeti vya kuzaliwa vya familia nyingi za kambini. Katika Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi, na aliyekimbia usiku anajua maana ya kufika kizuizini bila karatasi. Ndiyo sababu wamama wengi wakipata karatasi mpya humpelekea kwanza yeye aipige picha. Sasa kompyuta inayozimika ghafla wakati diski inaandika inaweza kuharibu mafaili. Hilo lilimnyima usingizi kuliko pesa.

Alipofungua sanduku aliona ventilateri ya prosesa inazunguka kama mtu mgonjwa, na kati ya mabapa ya radiateri iliyo chini yake vumbi jekundu la Bunia limeshikana kama kipande cha blanketi. Prosesa ikikosa hewa haingoji kuungua. Joto likikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo wake, na likizidi inazima kila kitu ili ijiokoe. Alipiga brashi, akatia tone la mafuta ya cherehani. Ikazunguka siku moja, halafu ikasimama kabisa.

Nyumbani kulikuwa na dola 20, zilizowekwa kwa ada ya mtoto wa sekondari.

“Papa, hizo ni za shule,” mke wake alimwambia.

“Najua, mama. Lakini kama mashini haifanyi kazi, za mwezi ujao zitatoka wapi?”

Hakujibu. Alimpa, lakini alizihesabu mara mbili mbele yake.

Sokoni mtu wa kwanza alimwonyesha ventilateri safi ya dola 5, akaapa kwamba za Intel zote ni moja. Si kweli. Kijana alikuwa amebeba rula ya mtoto wake, kwa sababu alishapima matundu manne kwenye bodi mama yake: kutoka tundu hadi tundu milimita 75. Ile ya sokoni ilikuwa na 72, kipimo cha bodi za zamani za aina ya LGA 775. Milimita tatu ni kidogo sana, lakini miguu haiingii, na anayeilazimisha hupasua bodi. Muuzaji alikasirika kidogo kuona rula.

Wa pili alikuwa na picha kwenye simu: ventilateri kama mnara, yenye taa za rangi, dola 35, inafika kutoka Kampala barabara ya Mahagi ikiwa nzuri. Wanaojua barabara hiyo, RN27, wanajua uzito wa neno “ikiwa”. Vijana wengi wangeichukua kwa ajili ya taa. Kwa kweli ventilateri za namna hiyo ni nzuri, lakini nyingi zina kimo cha karibu sentimita 16, na sanduku la ofisi ni jembamba, lisingefunga. Tena uzito wote unaning’inia kwenye bodi, na kompyuta hii imeshahama mara mbili kwenye pikipiki.

Ya tatu nusura imdanganye. Matundu yalikuwa sawa, bei dola 4, na ilifanana kabisa na ile iliyokufa. Karibu alipe. Mzee mmoja anayetengeneza redio kibanda cha pili akamwita:

“Kijana yangu, prosesa yako inakula wati ngapi?”

“Tisini na tano, mzee.”

“Basi igeuze hiyo, uitazame tumboni.”

Tumboni ilikuwa nyeupe yote, alumini tupu, na fupi. Mzee alitoa nyingine kutoka kwenye boksi la vyuma, chafu, ndefu zaidi, na katikati yake duara jekundu la shaba. Intel yenyewe ilitoa aina hizo mbili: ile fupi ya alumini kwa prosesa za wati 65, na ile yenye moyo wa shaba kwa zile za wati 95, maana shaba inabeba joto haraka kuliko alumini. Hapo kijana alielewa jambo ambalo brashi isingemwambia kamwe. Ventilateri aliyouziwa tangu mwanzo ilikuwa ya prosesa ndogo. Vumbi liliongeza tu; kompyuta ilikuwa inatokwa jasho tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo chafu mzee alitaka dola 10, wakamaliza kwa 8. Kabla ya kulipa aliomba kuijaribu. Ventilateri hizo hutumia volti 12, sawa na batri ya pikipiki, na dereva mmoja aliyekuwa akingoja abiria alikubali. Waya mweusi kwenye hasi, wa njano kwenye chanya. Ikavuma bila kukwaruza. Akaongeza dola 2 za dawa ya kupitisha joto, ile inayofanana na dawa ya meno, kwa sababu ya zamani ilishakauka kama chokaa.

Usiku alifuta prosesa kwa alkoli ya famasi, akatia dawa kiasi cha punje ya haragi ndogo, akabonyeza miguu minne kwa kukingama. Aliwasha. Ndani ya dakika tatu joto lilifika nyuzi 90. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na taa ya simu, wala hakusema kitu. Kijana akazima, akaitoa bodi yote nje ya sanduku na kuitazama kwa chini: mguu mmoja haukutoka upande wa pili, kwa hiyo radiateri ilikuwa imeinuka pembeni. Akafuta tena, akatia dawa tena, akabonyeza hadi akasikia mlio mara nne. Safari hii, baada ya kurasa arobaini za maswali ya hesabu, joto lilibaki kwenye nyuzi 58.

Mkuu wa shule alichukua maswali yake saa moja asubuhi. Kabla ya kumpokea mteja mwingine, kijana alinakili karatasi zote za familia za kambini kwenye flashi mbili. Moja aliiweka mfukoni. Nyingine alimpa mke wake, akaifunga kwenye pembe ya kitenge pamoja na dola 10 zilizobaki.