Jiji lisilolala na watu wanaofunga kazi Ijumaa

NEW YORK ni jiji lisilolala. Treni za chini ya ardhi husafiri usiku na mchana, na mtu akitaka kikombe cha kahawa saa tisa za usiku hukipata bila taabu.

Lakini msomaji, hebu fika mtaa wa Borough Park, upande wa Brooklyn, Ijumaa jioni. Maduka ya mikate yaliyokuwa na milolongo tangu asubuhi hufungwa moja baada ya jingine. Wanaume waliovalia makoti marefu meusi huharakisha kurudi nyumbani. Kisha king'ora hulia mtaa mzima. Dakika 18 kabla ya jua kutua, akina mama huwasha mishumaa na Sabato huwa imeingia. Hadi nyota zitakapoonekana Jumamosi usiku, hakuna kuuza, hakuna kupika, hakuna kuendesha gari wala kupokea simu.

Wayahudi wa New York ni karibu milioni moja, na hakuna jiji nje ya Israeli lenye Wayahudi wengi kiasi hicho. Si wote wanaoishika Sabato kwa ukali huo. Hata hivyo, wote wamekumbana na swali ambalo wazazi wa Eastlands na Kawangware wanalijua vyema: watoto waliozaliwa jijini watabaki kuwa watu wa nani?

Walivyofika

Wa kwanza, 23 kwa idadi, walishuka bandarini mwaka wa 1654 wakitokea Brazili. Wakati huo mji ulikuwa wa Waholanzi na uliitwa New Amsterdam. Gavana Peter Stuyvesant alitaka wafukuzwe, lakini wakubwa wake huko Uholanzi wakakataa. Waliruhusiwa kukaa kwa sharti kwamba maskini wao watatunzwa na Wayahudi wenyewe.

Wimbi kubwa lilikuja baada ya 1881. Wakikimbia umaskini na mauaji katika milki ya Urusi na nchi jirani, zaidi ya Wayahudi milioni mbili waliingia Marekani kabla ya sheria ya 1924 kuufunga mlango. Wengi walianzia Lower East Side, sehemu ya Manhattan ambako familia nzima, pamoja na mpangaji mmoja au wawili, ilibanana katika vyumba vitatu vidogo. Mara nyingi chumba cha kulala usiku kiligeuka karakana ya kushonea nguo mchana.

Huenda msomaji hajui kwamba katika miaka hiyohiyo watu hawa nusura wawe jirani zetu. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji. Wajumbe walitumwa kuitazama, na mkutano mkuu wa Wazayuni wa 1905 ukaikataa. Meli za kwenda New York ziliendelea kujaa.

Huko, gazeti lao la lugha ya Kiyidi liitwalo Forverts, lililoanzishwa 1897, lilikuwa na ukurasa wa barua ulioanza 1906. Mke aliyetelekezwa na mumewe, kijana aliyependa msichana wa dini nyingine, mzazi asiyesikizana tena na watoto wake, wote waliandika kuomba ushauri na mhariri akawajibu. Wanaokimbilia safu ya Shangazi kila wanapofungua gazeti wangejisikia nyumbani kabisa.

Waya juu ya barabara

Anayeishika Sabato hawashi moto wala umeme. Kwa hivyo chakula cha Jumamosi hutiwa motoni kabla ya Ijumaa jioni. Huwa ni mchuzi mzito uitwao cholenti, wenye maharagwe, shayiri, viazi na nyama, ambao hutokota polepole usiku kucha. Mla githeri hatauonea ugeni. Katika baadhi ya majumba marefu, lifti hutegeshwa isimame yenyewe katika kila orofa ili asiwepo wa kubonyeza kitufe.

Aidha, sheria inakataza kubeba kitu barabarani siku hiyo, hata mtoto mchanga. Je, mama mwenye mtoto mdogo atafikaje sinagogi? Dawa iliyopatikana ni waya. Waya mwembamba umetandazwa juu ya milingoti kuzunguka sehemu kubwa ya Manhattan, na eneo lote lililo ndani yake huhesabiwa kama ua wa nyumba moja. Kila wiki hukaguliwa kabla ya Sabato kuingia, maana ukikatika mahali pamoja ua umebomoka. Watu wasio na idadi hupita chini yake kila siku bila kujua kuwa wamo uani mwa mtu.

Sufuria mbili

Kama Mwislamu atafutavyo neno halali, ndivyo Myahudi mshika dini atafutavyo kosheri. Nguruwe ni mwiko, na samaki asiye na magamba vilevile. Nyama na maziwa havichanganywi, ndiyo maana jikoni utakuta sufuria na sahani za aina mbili, hizi za nyama, zile za maziwa. Dukani, mnunuzi hutafuta alama kama herufi U iliyozungushiwa duara, inayotolewa na shirika la Kiyahudi lenye makao yake papo hapo New York.

La ajabu ni kwamba vyakula vya wahamiaji hao maskini leo ni vyakula vya jiji zima. Begeli, mkate wa duara wenye tundu ambao huchemshwa kwenye maji kabla ya kuokwa, huliwa asubuhi na watu wa kila rangi. Duka ambalo sasa liko barabara ya Houston, liitwalo Russ & Daughters limekuwa likiuza samaki wa kukaushwa kwa moshi tangu 1914. Karibu na hapo pana mkahawa wa Katz's, ulioanza 1888, ambako nyama ya ng'ombe iliyokolezwa viungo, yaani pastrami, hukatwa kwa kisu na kurundikwa kati ya vipande viwili vya mkate wenye haradali. Lakini mkahawa huo huuza pia nyama pamoja na jibini, kwa hivyo mshika dini hali hapo. Wayahudi wengine wanakula bila wasiwasi. Ubishi huo haujaisha.

Sikukuu na shule

Mwaka Mpya wa Kiyahudi huja Septemba au Oktoba, ukiwa na matufaha yaliyochovywa kwenye asali na mlio wa baragumu la pembe ya kondoo. Siku ya Upatanisho hufuata, na watu hufunga kwa saa 25. Baada ya hapo ni Sikukuu ya Vibanda, na vibanda vya mbao vilivyoezekwa matawi huchomoza hata kwenye roshani za orofa ya tano.

Pasaka ndiyo sikukuu ya watoto hasa. Kwanza kila tone la hamira huondolewa nyumbani, na mabaki ya mkate huchomwa moto mitaani. Kisha jamaa huketi mezani, na mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu si kama nyingine. Wakubwa humjibu kwa kumsimulia jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri. Naam, historia nzima huanzishwa na swali la mtoto.

Jiji nalo limejifunza kuwapisha. Tangu 1960 shule za umma hufungwa Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, na mlango huohuo ukawafungulia wengine, kwani kuanzia 2015 shule hufungwa Idi pia.

Siasa za mezani

Msemo wa Wayahudi wenyewe ni kwamba palipo na Wayahudi wawili pana maoni matatu. Siasa zao New York zilianzia kiwandani. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua huku mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Kutokana na msiba huo vyama vya wafanyakazi vilipata nguvu na jimbo likatunga sheria za usalama kazini.

Baadaye walitoa mameya, akiwamo Abraham Beame aliyeingia 1974, Ed Koch aliyemfuata, na Michael Bloomberg aliyeongoza kuanzia 2002 hadi 2013. Lakini hawapigi kura kama kundi moja. Katika uchaguzi wa Novemba 2025, suala la Israeli na vita vya Gaza liliwagawa waziwazi. Mgombea Zohran Mamdani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala mwaka wa 1991, aliungwa mkono na Brad Lander, mwanasiasa Myahudi aliyeshindana naye katika mchujo. Wakati huohuo mamia ya marabi walitia saini barua ya kupinga msimamo wake kuhusu Israeli, na marabi wengine wakakataa kutia saini. Mamdani alishinda, akaapishwa Januari 1, 2026.

Jirani na jirani

Isidhaniwe kwamba maisha haya yamekuwa asali tupu. Mtaa wa Crown Heights ni wa Wayahudi wa madhehebu ya Lubavitch na wa watu weusi, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Karibi. Agosti 19, 1991, gari lililokuwa katika msafara wa kiongozi wa Walubavitch liligonga watoto wawili weusi. Mmoja, mvulana wa miaka saba, akafa. Saa chache baadaye vijana walimzingira mwanafunzi Myahudi kutoka Australia na kumdunga kisu, naye akafa. Ghasia zilidumu siku tatu. Familia mbili zilizika wapendwa wao, na mtaa ukagundua kwamba kuishi mlango kwa mlango si kujuana.

Makundi hayo mawili bado yanaishi hapo. Lakini tangu Oktoba 2023 hofu imerudi kwa sura nyingine, na kwenye milango ya masinagogi mengi utamkuta mlinzi.

Basi wamebaki kuwa watu wa nani? Kiyidi, lugha iliyojaza Lower East Side, kiliwaponyoka wajukuu wengi, na leo husikika zaidi katika mitaa ya washika dini kama Borough Park. Wengine wameacha Sabato, wengine hula pastrami na jibini. Lakini ulizia meza ya Pasaka, utawakuta hata wasiokanyaga sinagogi mwaka mzima.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Sisi wa Nairobi na Mombasa, tunaolalamika kwamba watoto wetu hawajui walikotoka, tuna siku gani katika wiki ambayo simu huzimwa, jamaa huketi, na mtoto mdogo huruhusiwa kuuliza? Jumapili hii ingefaa kuanzia.