Kujifunza Kupanda Farasi Uzeeni

Watu wengi hudhani kwamba kujifunza kupanda farasi huanza pale mtu anapokaa mgongoni mwake. Sivyo. Huanza chini, kwa burashi na ndoo ya maji, na kwa mavi ya kuzoa. Mimi nimeyajua hayo sasa tu, nikiwa na umri wa miaka 61. Baba yangu mzazi aliyajua kabla sijazaliwa.

Baba alizaliwa mwaka 1938. Tangu mwaka 1954 hata 1960 alikuwa mtunza farasi wa tajiri mmoja katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Kila alfajiri aliwasugua farasi wawili, akawatandika, kisha akamshikia bwana kikuku ili apande. Yeye mwenyewe alikatazwa kukaa mgongoni mwao, hata kwa zile hatua chache za kuwarudisha zizini. Miaka sita! Lakini alipotusimulia habari hizo hakuongea kwa uchungu. Alipenda zaidi kutueleza tabia za wale farasi, yupi mwoga na yupi mlafi. Mwaka jana macho yake yalianza kuingia giza. Akaniambia: « Mwanangu, panda wewe, ningali naona. » Neno la mzazi wa umri ule halijadiliwi.

Nikatafuta mahali wanapofundisha. Si pengi, kwani farasi ni wachache katika nchi yetu, wala sababu yake si fedha tu: mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe, na mbung'o wameenea sehemu nyingi za Kongo.

Mwalimu wangu ni msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Majuma matatu ya kwanza hakunipandisha. Nilisugua manyoya, nikainua miguu na kuchokoa udongo katika kwato kwa chuma chenye ncha. Alinifundisha kumkaribia farasi kwa upande wa bega, nikisema naye kwa sauti ya chini. Macho ya mnyama huyu yako kando ya kichwa, hata anaona karibu pande zote, ila hamwoni aliye nyuma kabisa ya mkia wake, wala kitu kilicho mbele kabisa ya paji lake. Ukimjia kimya kutoka nyuma anaweza kukupiga teke. Si kwa ubaya, bali kwa hofu. Baba, aliyeketi kwenye kiti karibu na ua, alikuwa akitangulia kusema kabla ya mwalimu: « Tazama masikio! Akiyalaza nyuma, amekasirika. » Siku za kwanza yule msichana alitabasamu tu kwa adabu. Baadaye nilimkuta anamwuliza Baba maswali.

Ndipo ikafika siku ya kupanda. Mguu wa kushoto katika kikuku, ule wa kulia ukavuka juu, na ghafla chini yangu akawa anapumua mnyama mwenye uzito wa kilo kama 500. Kutoka juu kule ardhi iko mbali sana, niaminini. « Papa, visigino chini! Tazama mbele! » Mtu akitazama chini, mwili wake huinama, na farasi huusikia uzito ule umehama. Hatamu nazo si kamba ya kujishikilia, maana mwisho wake ni lijamu iliyo kinywani mwa kiumbe hai.

Kwenda polepole si kazi kubwa: kwato zapiga ardhi moja moja, mara nne. Shida yangu ni mwendo wa mbio ndogo. Hapo miguu huenda miwili miwili kwa kukingamana, yaani wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kwa mapigo mawili tu. Naye mpandaji hana budi kuinuka na kukaa kwa mapigo yayo hayo. Ni kama akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: ukikosa zamu, michi hugongana. Mimi mifupa yangu iligongana muda wa mwezi mzima, na goti langu la kulia lilivimba.

Mke wangu alinisihi niache. Nikamweleza habari za bibi mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944 ugonjwa wa polio ulimpooza miguu chini ya magoti. Alihitaji kusaidiwa ili apande na ashuke. Hata hivyo alipata medali ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1952, na tena mwaka 1956, akishindana pamoja na wanaume. Mke wangu alijibu kwamba bibi huyo hakuanza akiwa na miaka 61. Sikuwa na jibu. Nililifunga goti kwa kitambaa, tukaenda.

Leo nazunguka uwanja mara nne kwa mbio ndogo bila kusimama. Baba hauoni tena uso wangu akiwa pale uani. Anaona kivuli kikubwa kinachopita, basi. Lakini anasikiliza kwato, naye hupiga goti lake kwa kiganja, mapigo mawili mawili. Nikikosea, huniita kabla mwalimu hajafumbua kinywa: « Umechelewa! »