Kinga Iliyofungwa kwa Waya: Msumeno wa Pembe Umefika Ngao

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo, ndugu msomaji. Nataka kuandika kuhusu mashine isiyo na skrini wala kitufe cha kutendua. Ni ule msumeno wa umeme wenye kichwa kinachoteremka juu ya mbao, kinachogeuka kulia na kushoto, kinacholala upande, tena kinachoteleza juu ya reli kuja mbele na kurudi nyuma. Jina lake la kiwandani ni refu. Mimi nitauita msumeno wa pembe, maana kazi yake kubwa ni hiyo, kukata mbao kwa pembe unayoitaka.

Nauandikia kwa sababu umeanza kufika mpaka vijijini kwetu. Mjomba wangu ni seremala Ngao, kule Tana River upande wa Garsen. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale yaliyofuata 2024, yaliacha kazi nyingi ya milango na madirisha, kwa maana mbao ikikaa majini huvimba, hupinda, mwisho huoza. Mjomba akaona msumeno wa mkono hautamaliza kazi. Akanunua huu wa umeme, mtumba, kisha akanipigia simu: "Mjomba, wewe si mtu wa mashine? Njoo tuufunge." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) Kwake yeye kuandika programu na kufunga mota ni kazi moja. Nikaenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kinga ya diski. Msumeno huu una kinga ya plastiki inayofunika meno kichwa kikiwa juu, na inayojifungua yenyewe kichwa kikishuka. Kwenye huu wa mjomba, kinga ilikuwa imevutwa juu na kufungwa kwa waya. Ilikuja hivyo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza. Meno yote yalikuwa wazi.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Diski ya milimita 254, ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, meno yake hukimbia karibu mita 60 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hakuna matatu ya Malindi inayofika hapo. Mtu akishtuka, mkono wake huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kabla haujaanza kujiondoa. Kwa muda huo diski imezunguka mara 15. Kama ina meno 60, ni meno 900 yamepita. Kwa hiyo usitegemee wepesi wako. Kinachokulinda ni kile ulichokipanga kabla ya kubonyeza swichi.

Lakini utamwambiaje mzee aliyefanya useremala zaidi ya miaka thelathini na vidole vyake vyote kumi viko? Sikumhubiria. Nilimuuliza tu kama tuufungue ule waya. Akasema, "Tukiufungua sitaona mstari." Nikainama kutazama, nikakuta anasema kweli. Plastiki ilikuwa imeingia ukungu kwa utomvu na vumbi, haionekani ng'ambo. Isitoshe, bawaba yake ilikuwa imeganda, kinga ikishuka inakwama katikati na kugonga mbao.

Hapo ndipo ilinijia picha ya kazi yangu mwenyewe. Sisi watu wa programu tunamlazimisha mtumiaji aweke neno la siri la herufi kumi na sita, alibadilishe kila mwezi, halafu tunashangaa kulikuta limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini. Tunamwita mzembe. Kumbe kinga inayosumbua kazi hufungwa kwa waya, iwe ofisini Nairobi au chini ya mwembe Ngao. Ukitaka mtu aiache kinga mahali pake, anza kwa kuondoa usumbufu wake.

Basi tulichomoa plagi, tukaifungua kinga, tukaiosha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na mswaki mzee. Tukasafisha bawaba na springi. Mafuta hatukuweka, maana mafuta hushika vumbi la mbao na kuwa gundi. Tulipoirudisha ilishuka na kupanda kwa ulaini, na mstari ukaonekana. Mjomba alijaribu mara tatu nne bila umeme, akatabasamu, akautupa ule waya. Sikuhitaji kusema neno.

Haya, tuje kwenye kuufunga wenyewe. Nitaeleza kwa utaratibu tulioufuata, ili nawe ukiupata ujue pa kuanzia.

Kwanza, mahali. Msumeno ufungwe kwa bolti kwenye meza imara, usiwekwe chini wala juu ya mbao mbili zinazotikisika. Kichwa kinapovutwa mbele uzito wote huja mbele, na msumeno usiofungwa unaweza kupinduka kukufuata. Kulia na kushoto tuliweka vigogo vya kuegemeza mbao ndefu, urefu wake sawasawa na meza ya msumeno. Mbao ikining'inia, inapokatika hushuka na kuibana diski.

Pili, umeme. Mota ya wati 1,800 kwenye umeme wetu wa volti 240 hula ampea 7.5, na wakati wa kuwaka hula zaidi ya hapo. Waya wa ekstensheni mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota inalemewa na kuchemka. Tumia waya mnene, mfupi kadiri iwezekanavyo, na kama umezungushwa kwenye gurudumu ufungue wote, kwani ukiwa umejikunja joto halina pa kutokea. Kwenye sakafu yenye unyevu, kama nyingi za delta, muombe fundi wa umeme akuwekee swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30.

Tatu, diski. Msumeno unaoteleza unataka diski ambayo meno yake hayakuinamia mbele sana. Diski ya kupasulia mbao kwa urefu ina meno yaliyoinama mbele, na kwenye msumeno huu hung'ata mbao kwa pupa na kukirusha kichwa. Tazama pia kwamba kasi iliyoandikwa kwenye diski haizidiwi na kasi ya mota, na kwamba tundu la katikati linaingia barabara. Kwa misumeno mingi bolti ya diski hufunguka kinyume na mazoea, kwa kuelekea kulia, ili mzunguko usiilegeze. Plagi iwe nje wakati wote huo.

Nne, kupima. Hapa ndipo nilipojisikia nyumbani. Ile sahani yenye alama za digrii ni kama maelezo yaliyoandikwa juu ya programu: yanakwambia kilichokusudiwa, hayakwambii kinachotendeka. Unahitaji jaribio. Chukua ubao ambao kingo zake mbili ziko sambamba, weka alama ya 0, kata katikati. Pindua kipande kimoja juu chini, viegemeze vyote kwenye ule ukuta wa chuma wa nyuma, uvikutanishe. Vikikutana bila mwanya, uko sawa. Ukiona mwanya wa kabari, hilo ni kosa lako likiwa limezidishwa mara mbili, na ndiyo maana ni rahisi kuliona. Legeza bolti za ukuta, sogeza, rudia. Kisha weka skwea juu ya meza, iguse uso wa diski na si meno, upime kama diski imesimama wima.

Kwa nini usumbuke hivyo? Fremu ya dirisha ina kona nne, yaani mikato minane ya digrii 45. Ukikosea nusu digrii tu kwa kila mkato, kona ya mwisho itakuwa na kosa la digrii 4. Kwa mbao ya upana wa milimita 100, huo ni mwanya wa karibu sentimita nzima. Kosa dogo linalorudiwa si dogo tena, na wenzangu wa programu wanalijua hilo vizuri.

Sasa kukata. Mbao nyembamba: kisukume kichwa nyuma kabisa, kifunge, kisha ukate kwa kuteremsha tu. Mbao pana: vuta kichwa kije kwako kikiwa juu, washa, subiri diski ifikie kasi yake, teremsha, halafu sukuma kwenda mbele, mbali nawe. Usikate kwa kuvuta. Chini ya diski meno huelekea nyuma, kwenye ukuta. Ukisukuma, mbao inagandamizwa ukutani na kichwa kinakupinga kidogo, ambavyo ndivyo inavyotakiwa. Ukivuta, meno hupanda juu ya mbao na kukimbia nayo kukufuata wewe. Ukimaliza achia swichi, subiri diski isimame kabisa kichwa kikiwa chini, ndipo ukiinue.

Mkono unaoshika mbao uwe mbali na diski, sentimita 15 au zaidi, na usipishanishe mikono. Kipande kikiwa kifupi mno kwa umbali huo, kishikwe na klampu, au kata kutoka kwenye mbao ndefu. Mbao iliyopinda, tumbo lake liguse ukuta wa nyuma. Mbao zilizokwisha kuoga mafuriko zina misumari na mchanga ndani, basi zipitie kwa jicho na kwa kidole kabla ya diski kuzipitia. Glavu na mikono mirefu ya shati, hapana. Meno hushika kitambaa na kukivuta pamoja na mkono.

Miwani ya kukinga macho uvae kila mara. Masikio pia: kwa kipimo cha wataalamu wa Marekani, NIOSH, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane, lakini ya desibeli 100, ambayo misumeno hii huifikia kwa urahisi, dakika 15 tu kwa siku. Na vumbi la mbao shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi nje kwenye upepo, na barakoa.

Najua wengine mtaniuliza kama hakuna teknolojia ya kumaliza hatari hii. Ipo kwa misumeno ya meza: Mmarekani Stephen Gass alibuni kifaa kinachohisi ngozi ya binadamu na kuisimamisha diski kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kampuni yake, SawStop, ilianza kuuza mashine hizo 2004. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini msumeno uliofika Ngao hauna kifaa hicho. Una kipande cha plastiki na springi. Hata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwe na kinga, ila mkaguzi hapiti chini ya mwembe wa mjomba kila asubuhi.

Hospitali Ngao ipo, nashukuru. Lakini kidole kilichokatika si cha kushonwa popote, na Malindi ni karibu kilomita 100, barabara ambayo maji yakijaa hukatika. Seremala asiye na vidole vya mkono wa kulia hana kazi nyingine inayomngoja.

Kwa hiyo, ukienda kumtembelea fundi wako na kuona kinga imefungwa kwa waya au kamba, usianze kwa kumgombeza. Muulize inamzuia nini. Chomoeni plagi, ifungueni, isafisheni pamoja. Pengine ni nusu saa na maji ya sabuni. Sisi tulitumia hayo tu, na kufikia jioni fremu ya kwanza ilikuwa imesimama, kona zake nne zimefunga.